Hodi Kwenye Jengo Tupu

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Fundi mwashi hapewi barua wala hafanyiwi sherehe. Siku moja anapanda jukwaa, anafika katikati, na magoti yanamwambia kwamba safari imeishia hapo. Mimi yaliniambia hivyo nikiwa kazini Katubuka, mwiko mkononi, na vijana wakanishusha kwa uangalifu kama wanaoshusha gunia la saruji. Tangu hapo nakaa nyumbani Ujiji, nao wananijia kuniuliza hili na lile. Nimechoka kurudia maneno, kwa hiyo nayaandika. Anayetaka kujua nilichuma nini kwa miaka yote ile asijisumbue kusoma, maana hakuna cha kusimulia.

Nilianza kwa Mzee Barnabo. Alikuwa mwashi aliyekimbia Burundi akiwa bado kijana, mtoto mgongoni mwa mkewe na mwiko kiunoni mwake. Vitu vingine vyote, alikuwa akisema, walivipata huku, hata chumvi. Mimi ni mtoto wa Ujiji, mtoto wa madrasa, na kazi yangu ya kwanza kwake ilikuwa kukarabati kanisa. Mama yangu aliniuliza kama nitalazimika kuimba. Nilimwambia nimepewa chekeche.

Na kweli nilipewa chekeche, wala si kwa siku moja. Nilichekecha mchanga na chokaa mpaka nyusi zangu zikawa nyeupe kuliko za mwalimu wangu. Niliona ananidharau. Kumbe alikuwa akinifundisha mikono. Mchanga wa ziwani ni laini, chembe zake zimesagwa na mawimbi na hazishikani. Wa mtoni una meno. Siku nilipoweza kuutofautisha huku nimefumba macho, alinipa mwiko, akaenda kunywa chai.

Timazi yake ya kupimia wima wa ukuta haikununuliwa dukani. Ilikuwa kipande cha risasi kilichong'oka kwenye wavu wa mvuvi, amekifunga kwenye kamba ya katani. Nimefanya kazi na watu wenye vyombo vya kila namna, vingine vinatoa mwanga mwekundu ukutani na kulia, na sivisemi vibaya. Ila risasi ile haikuwahi kuishiwa betri.

Kuta za zamani za huku kwetu nyingi ni za tofali zilizounganishwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Kuta hizo hupitisha unyevu: unaingia, unatoka. Vijana mnapenda kuzipiga lipu ya saruji kwa sababu inakauka haraka na mwenye nyumba anafurahi. Unyevu ukikosa pa kutokea unajilimbikiza ndani, na baada ya masika kadhaa lipu inabanduka na kushuka na ngozi ya ukuta. Wakati huo wewe umeshahamia kazi nyingine. Mwenye nyumba bado yupo, na anakumbuka jina lako.

Sasa nifike kwenye hodi, maana ndiyo mnayonicheka nayo.

Mzee Barnabo hakuwahi kugusa jengo la zamani kabla ya kulipigia hodi. Liwe ghala, liwe shule iliyofungwa, liwe tupu kiasi cha popo kukaa mpaka mlangoni, yeye alisimama kizingitini, akavua kofia na kuita, "Hodi!" Alingoja. Aliita tena. Kisha alikaa chini akawasha sigara, na sisi tukakaa naye. Mara ya kwanza nilidhani ni mambo ya kwao. Nilipomuuliza alisema, "Jengo tupu halipo, mwana wanje, mwanangu. Lipo jengo ambalo hujaonana na wenyewe."

Nilikuja kuelewa kwamba haukuwa uchawi wala dua. Mtu mzima akipiga kelele mbele ya jengo lisilo na mtu, jirani lazima atoke kuangalia ni kichaa gani. Akishatoka atauliza, akishauliza atasimulia. Kwenye ghala moja karibu na stesheni, hodi yetu ilimtoa mzee aliyekuwa mchukuzi enzi zake. Alitwambia kwamba chini ya sakafu ile kuna shimo kubwa la maji lililofunikwa kwa mbao, na mbao hizo yeye mwenyewe alizikuta zimeanza kuoza. Tulikuwa tumepanga kusimamisha jukwaa juu yake. Tangu siku hiyo niliita hodi kwa sauti kubwa kuliko mwalimu wangu.

Kanuni yake nyingine ilikuwa fupi. Ukiambiwa usichimbe, weka sururu chini kwanza, ndipo uulize kwa nini. Watu wengi huuliza huku wanaendelea kuchimba.

Mzee Barnabo alipofariki mkewe alinipa timazi. Alisema amenitafuta mimi kwa sababu wanawe hawapendi vumbi. Nililia kama mtoto, wala sioni haya kuliandika hilo.

Miaka ya karibuni kazi zetu zimebadilika. Majengo ya zamani yanauzwa na watu wanayageuza nyumba za kuishi. Nimegeuza ghala la pamba likawa nyumba ya familia ambayo mpaka leo inalalamika kwamba nyumba haina madirisha, kana kwamba pamba iliwahi kuhitaji kuchungulia nje. Nimegeuza darasa likawa sebule, na mwenye nyumba akatukataza kuutoa ubao. Lakini kazi ninayotaka muijue ni ya wodi ya wazazi, na ndiyo iliyokuwa kubwa yangu ya mwisho.

Lilikuwa jengo la zahanati ya masista, refu na jembamba, kwenye mteremko unaotazama ziwa kusini mwa Ujiji. Zahanati ilihamishwa zamani na jengo likabaki na mijusi. Aliyelinunua alikuwa Nashoni, mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, mtu wa sauti kubwa na moyo mwema, ambaye hakujua kungoja. Siku aliponileta alipiga kofi ukutani kwa furaha.

"Mzee Idrisa, mimi nimezaliwa humu! Kwenye chumba hiki hiki. Sasa namleta mama yangu azeekee humu."

Mama yake, Bibi Skolastika, alikuwa mjane, akikaa Rusimbi kwenye chumba ambacho kila masika maji yalimfuata mpaka kitandani. Nashoni aliapa kwamba mvua zinazokuja hazitamkuta kule. Hiyo ndiyo ilikuwa haraka yake, na nilimheshimu kwa ajili yake.

Nilipiga hodi kama kawaida. Hakutoka mtu. Ng'ambo ya njia kulikuwa na nyumba, na nilimwona mama mmoja amesimama mlangoni pake akitutazama, lakini hakuvuka. Nikasema labda watu wa siku hizi hawana muda na vichaa.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nyuma ya jengo, upande wa bondeni, kulikuwa na migomba ya zamani iliyoachwa yenyewe. Mkungu ulikuwa umeiva, ndege wameutoboa, na ndizi nyingine zimeanguka chini zikaoza. Mtaa ule una watoto wengi na njaa ya watoto mnaijua. Hata hivyo hakuna aliyekuwa akichuma. Niliona, nikapita.

Ramani iliweka shimo la maji machafu pale pale kwenye migomba, na ramani haikukosea. Maji huteremka, na shimo huwekwa chini ya nyumba. Mimi mwenyewe ningeliweka hapo. Tulipigilia vigingi, tukazungusha kamba, tukarudi ndani kubandua lipu.

Baada ya siku chache Bibi Skolastika aliletwa kuiona nyumba yake. Alikuwa mama mdogo wa umbo, kitenge kimefungwa sawasawa, ndala mkononi kwa sababu hakutaka kuzichafua.

"Shikamoo, Bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Poleni na kazi."

Nashoni alianza kumwonyesha: hapa sebule, hapa chumba chako, hapa baraza ya kukaa jioni ukitazama ziwa. Alikuwa ameiota sana baraza ile. Mama aliitikia "ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo, lakini macho yake hayakuwa kwenye baraza. Simu ya Nashoni ilipolia naye akatoka kwenda kuzungumza na watu wake wa Kibirizi, mama aliondoka taratibu, akazunguka jengo kwenda nyuma. Nilimfuata, nikihofia vifusi visije vikamkwaza.

Alifika kwenye migomba, akasimama. Akainamisha kichwa. Kisha kwa sauti ya mtu anayehofia kumwamsha mwingine, akasema, "Hodi."

Mimi nimepiga hodi kwenye majengo matupu maisha yangu yote ya kazi. Sikuwahi kumsikia mtu akiipigia ardhi. Alingoja kidogo, akaingia kati ya migomba, na hapo ndipo alipoona vigingi.

"Hivi vya nini, baba?"

"Shimo la choo, Bibi."

Alikitazama kigingi, kisha migomba. "Hapa msichimbe."

"Kwa nini, Bibi?"

"Si habari ya kuwaambia wanaume," akasema, na akarudi kwa njia ile ile aliyojia.

Niliweka sururu chini, kama nilivyofundishwa. Niliwaambia vijana waendelee na kuta za ndani. Kisha nilimwambia Nashoni tutafute pengine pa shimo.

"Kwa sababu gani?"

"Mama yako amesema tusichimbe. Na nilimsikia akipiga hodi pale."

Alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu, mama anazeeka. Na wewe pia unazeeka. Pengine ni wapi? Huku juu maji yatapandaje?"

Palikuwepo mahali pengine pamoja tu ambapo maji yangeshuka, ubavuni mwa jengo, upande wa ziwa: pale pale alipoitaka baraza yake. Nilipomwonyesha alicheka, akadhani namtania. Alikwenda kumuuliza mama yake, na mama akamjibu kama alivyonijibu mimi. Kila asubuhi Bibi alikuja kwa bodaboda kutoka Rusimbi, akakaa chini ya ukingo wa paa la nyuma mchana kutwa, akituangalia. Nilimpelekea chai. Tulizungumza habari za kunde na bei ya mafuta ya mawese. Nilijua kuna jambo, na nilijua kwamba jambo hilo halina mlango wa kuingilia mwanamume. Niliumia, maana niliona anaogopa. Kila kijana alipopita nyuma na koleo, aliweka kikombe chini na kutaka kuinuka.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Kongo. Asubuhi moja Nashoni alifika na wachukuzi wake wa Kibirizi, watu wa kubeba magunia ya dagaa, vifua kama milango, kila mmoja na sururu.

"Mzee Idrisa, nakuheshimu. Ila leo shimo linachimbwa. Mvua haitamngoja mama."

Nilisimama mbele ya kamba. Alinishika mkono taratibu akanisogeza kando, na mtu wa umri wangu akisogezwa na mtu wa umri wake, anasogea. Mchukuzi wa kwanza alitema mate viganjani.

Hapo Bibi Skolastika aliinuka. Alipita katikati yao, akaingia ndani ya kamba. Alifungua kitenge cha mabegani akakitandika chini kwenye migomba. Akakaa. Akanyoosha miguu yote miwili mbele, akajitanda kanga kichwani mpaka kwenye paji la uso, akaweka mikono mapajani.

Hakuna mtu wa huku asiyejua mkao ule. Mwanamke hakai hivyo shambani wala sokoni. Hukaa hivyo msibani. Yule mchukuzi aliteremsha sururu polepole mpaka ikagusa ardhi bila kishindo, akavua kofia.

"Mama, inuka basi," Nashoni akasema. "Watu wanatazama."

"Waache watazame. Msiba huu haujawahi kutazamwa na mtu."

"Msiba wa nani?"

"Wa kaka yako."

Nashoni alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtuka. "Mimi sina kaka, Mama. Mimi ndiye kifungua mimba wako. Wewe mwenyewe umenilea ukiniambia hivyo."

"Niliambiwa niseme hivyo. Mtoto asiyelia hahesabiwi. Hapewi jina, hakaliwi msiba, wanaume hawaambiwi." Sauti yake haikupanda. "Alikutangulia. Hakulia. Sista alimfunga kitambaa cheupe, akawapa akina mama wamlete huku. Mimi nilikuwa nimelala pale." Alinyoosha kidole kwenye dirisha la wodi, lile ambalo mimi nilikuwa nimeling'oa fremu juzi yake. "Sikuruhusiwa kuinuka. Nilisikia jembe. Nashoni, mwanangu, nililisikia jembe mpaka likanyamaza. Sitalisikia tena mahali hapa."

Nashoni alisimama na funguo za gari mkononi. Kisha akakaa chini nje ya kamba, kwenye udongo, na suruali yake nzuri.

"Wako wangapi hapa, Mama?" aliuliza mwishowe.

"Sijui. Kila aliyelala kitanda kile anamjua wake."

Mama wa ng'ambo ya njia, yule ambaye hakuvuka siku ya hodi yangu, sasa alivuka. Alikuja na mkeka. Baada yake akaja mwingine, kisha wengine, akina mama wazee wa mtaa ule, bila kuitwa na mtu. Hawakukaa kwa kukusanyika kama msiba wowote. Mmoja alikwenda kukaa karibu na mgomba wa mwisho. Mwingine alitazama huku na huku, akapima kwa macho kutoka kwenye kona ya jengo, akakaa kando peke yake. Kila mmoja alichagua pake, na kwa jinsi walivyochagua nikaelewa. Hapo ndipo nilipojua pia kwa nini hodi yangu haikumtoa mtu: wenye jengo lile walikuwa na habari wasiyoweza kumpa fundi mwanamume.

Sisi wanaume tulifanya linalofanywa na wanaume. Tulikwenda mbele ya jengo, tukawasha moto kwa mbao za kenchi za paa la zamani, tukakaa. Wachukuzi wa Kibirizi walikaa na vijana wangu. Mimi nilisoma Fatiha kimoyomoyo, na Mkatoliki mmoja akatoa rozari mfukoni. Siku ile hatukufanya kazi tena, na siku iliyofuata pia hatukufanya. Msiba ulioahirishwa maisha ya mtu mzima haumalizwi kabla ya chakula cha mchana.

Tulipong'oa vigingi Nashoni mwenyewe alikunja kamba. Shimo lilichimbwa ubavuni, upande wa ziwa. Baraza ikafa, choo kikajengwa hapo. Choo cha nyumba ile kina mandhari nzuri kuliko sebule yake, na wageni wote hulisema hilo wakitoka. Nashoni huwajibu kwamba ndivyo alivyotaka.

Kisha akaniomba kitu ambacho hakikuwa kwenye ramani. Alitaka mlango upande wa nyuma, kutoka chumba cha mama yake kwenda kwenye migomba.

Sikilizeni hapa, maana hili mtalihitaji. Ukuta wa zamani wa tofali na udongo hautobolewi mlango kuanzia chini. Egemeza kwanza kwa nguzo pande zote mbili. Kisha chimba juu, nusu tu ya unene wa ukuta, uingize linta, boriti ya kubeba ukuta wa juu. Iache ikomae. Rudi upande wa pili uingize nusu nyingine, nayo uiache. Ikishabeba uzito ndipo uanze kutoa tofali chini yake, moja moja, kwa tindo, bila nyundo kubwa. Mtu mwenye haraka atauangusha ukuta wote na kusema ulikuwa mbovu. Nashoni, asiyejua kungoja, alikuja kila jioni kuutazama ukuta ukikomaa, na hakuniuliza hata mara moja utakwisha lini.

Ubao wa mlango tuliutoa ndani ya jengo lenyewe. Ulikuwa mlango wa wodi, wa mninga, umechakaa kwa chini ambako vitanda vya magurudumu viliugonga. Niliupiga randa kidogo tu. Sehemu zile zilizogongwa niliziacha.

Tuliumaliza kabla ya mvua. Bibi Skolastika alihamia na masanduku yake na kuku wawili. Siku ile nilikuwa nyuma, nimepiga magoti, nasafisha chokaa kizingitini, na tayari nilihisi kwamba magoti hayo hayatanipa kazi nyingine kubwa. Mlango ulifunguka kutoka ndani. Bibi alisimama na kikapu cha majivu ya kuweka kwenye migomba. Nilijisogeza kumpisha, nikainamisha kichwa, nikangoja aite hodi kama siku ile.

Hakuita. Alivuka kizingiti, akashuka, akaingia kati ya migomba akizungumza peke yake habari za kuku. Mtu hapigi hodi kwake.